Mheshimiwa Mwenye Dele

Ukoo wake sitautaja. Najua kwetu ukimweleza mtu unaanza na baba yake nani na babu yake alitokea wapi, lakini kwa mzee huyu mambo hayo ndiyo yaliyomkosesha kila alichokitaka, na mimi sitaki kumwongezea. Ninayoyajua ni ya Doha, ya miaka tuliyofanya kazi hoteli moja kule The Pearl, yeye mbele kwenye ukumbi wa mapokezi, mimi nyuma kwenye chumba cha kufulia. Tulimwita Mheshimiwa. Hata wasimamizi Wafilipino walimwita hivyo, wakidhani ndilo jina lake.

Kazi yake ilikuwa kuwa Mwarabu. Sisemi kwa mzaha. Hoteli kubwa za huku huweka mtu karibu na mlango, kanzu nyeupe iliyonyooka, kizibao chenye nyuzi za dhahabu, kitambaa kichwani, dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, na kila mgeni akiingia anakaribishwa kwa kahawa na tende. Watalii kutoka Ulaya hupenda kupiga naye picha. Basi wakala alikwenda kutafuta watu wenye sura hiyo, akampata Mheshimiwa katika jiji letu huko Tanzania: mweupe, pua ndefu, ndevu za mvi zilizochongwa vizuri. Hakuuliza zaidi. Mzee aliyekulia uswahilini, ambaye Kiarabu chake chote kilikuwa cha kwenye msahafu, akapandishwa ndege kuja kuigiza Uarabu mbele ya Waarabu.

Na Waarabu wenyewe hawakudanganyika hata siku moja. Mwenyeji wa Doha akipokea finjani humtazama mara moja tu, kisha humwuliza, "Inta min wen?" Wewe ni wa wapi? Akijibu Tanzania, mgeni hutikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyejua jibu kabla ya kuuliza. Wengine walimdhania Msudani. Hakuna aliyemdharau, lazima niseme hivyo. Ila hakuna aliyemwambia "ndugu yangu" vilevile.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiipiga pasi kanzu ile. Mfuaji anawajua watu kwa nguo zao. Nilijua mpishi gani analamba sosi kwa kidole na kujifutia pajani, na meneja gani anatoka jasho akiitwa ofisini. Kanzu ya Mheshimiwa ilirudi kama ilivyokwenda. Hata tone moja la kahawa kwenye mkono wa kanzu sikuwahi kuliona, na kahawa ya huku, ingawa ni nyepesi na rangi yake ya kimanjano, ina zafarani, na zafarani ikishika kitambaa cheupe haitoki kirahisi.

"Mheshimiwa," nilimwambia siku moja, "unamimina kweli, au unasimama tu kama sanamu?"

"Binti yangu, mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwenye masika ya kata yangu, na akafika msikitini nayo nyeupe, kahawa itamshinda?"

Kata yake. Ukikaa naye kwa muda wa kunywa chai lazima uisikie kata yake. Kabla ya kuja huku alikuwa diwani, na huo Uheshimiwa haukuwa wa kubandikwa. Aliuleta pamoja na sanduku. Katika kantini ya wafanyakazi, pale tunapoishi Al Thumama, watu wakigombania runinga, Wakenya wakitaka mpira na Wanepali wakitaka filamu yao, yeye alikuwa akiinua mkono na kusema, "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" Mwenyekiti hakuwepo, lakini watu walinyamaza. Kisha angehoji: "Wanaoafiki mpira waseme ndiyo." Ndiyo ikitoka, husema kwa sauti ya ukumbini, "Nadhani walioafiki wameshinda," na Wanepali, ambao hawakuelewa neno hata moja, wakakubali kushindwa kwa sababu lilisemwa kwa heshima.

Kulikuwa na mlinzi mmoja Mkenya, kijana mcheshi asiyejua kunyamaza, aliyekuwa akimchokoza kila mara.

"Buda, kwani wewe ni Mwarabu wa aina gani? Sura ni ya hapa, lakini payslip ni yetu sisi!"

"Mimi ni Mtanzania," Mheshimiwa alikuwa akijibu.

"Sasa Mtanzania na hiyo pua umeitoa wapi?"

Watu walicheka, na yeye alicheka nao. Lakini mimi nilikuwa nikimwangalia mikono. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena.

Jinsi watu wanavyokaa katika kantini yetu hakuna aliyepanga, ila hakuna anayekosea. Wanepali huku, Wafilipino kule, Waganda na Wakenya karibu na runinga, na Waarabu wa mapokezi, Wamisri na Watunisia, kwenye meza ya dirishani. Mheshimiwa alikuwa akichukua sinia lake na kusimama katikati kidogo. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Meza ya dirishani walimkaribisha siku za mwanzo, wakaanza mazungumzo yao ya haraka haraka, na baada ya muda wakamsahau. Meza ya runinga hawakumkataa, ila akikaa pale utani wa pua ulianza. Mwishowe alikuja kukaa na sisi wa kufulia, wanawake watupu, kwenye meza ya pembeni karibu na friji linalonguruma. Alisema pale ndipo penye upepo. Si kweli. Pale palikuwa na joto kuliko kote.

Nami niseme wazi, mimi sikukulia kuwapenda Waarabu wa kwetu. Mimi ni mtu wa bara, jiji lile nililetwa na ndoa. Bibi yangu mzaa mama hakupenda kuwasikia, na alikuwa na sababu alizorithi kwa mama yake, za watu waliotembezwa wamefungwa mpaka pwani. Tena hata nilipoolewa huko jijini niliyaona mwenyewe: mwenye duka anayekurudishia chenji kwa kuiweka mezani, ili mkono wako usiguse wake. Kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba yaliyompata Mheshimiwa yalitoka hewani. Nilimwambia hivyo hivyo, usoni, na hakukasirika.

"Mwenye duka huyo namjua," akasema. "Ni mjomba wangu."

Nilicheka mpaka nikaweka kijiko chini. Kumbe kweli alikuwa mjomba wake.

Kila siku ya mapumziko tulipanda metro hadi Lusail, mimi na yeye na wakati mwingine mwenzangu mmoja wa kufulia. Mji mpya ule, kila anayefika anainua shingo kutazama maghorofa. Mheshimiwa alikuwa akitazama chini. Alitafuta mifuniko ya chuma ya mitaro, akasimama juu yake, akainama, akachungulia. "Angalia mteremko huu," alikuwa akisema. "Huuoni kwa macho, lakini maji yanauona." Walinzi walimtilia shaka mara moja, wakatuuliza tunatafuta nini. Nilijibu mzee amepoteza ufunguo. Sikuwa na namna ya kuwaeleza kwamba mzee anakagua mitaro ya nchi ya watu.

Mvua ikinyesha Doha, ambayo ni nadra, barabara nazo hujaa, na njia za chini ya madaraja hugeuka mabwawa. Siku ya kwanza kuyaona hayo Mheshimiwa alikuja mbio chumba cha kufulia, dele bado mkononi.

"Hata wao, binti yangu! Hata wao, na hela zote hizi!"

Alifurahi kama aliyepata jibu la mtihani. Halafu furaha ikamtoka ghafla, akakaa juu ya kikapu cha mashuka. Katika kata yake, kati ya soko na shule ya msingi, kuna bonde ambalo kila masika hujaa maji mpaka madirishani. Watu hupita na masufuria kichwani na watoto mgongoni. Aliomba mtaro katika kila kikao cha baraza la madiwani, akajibiwa bajeti hairuhusu, akaomba tena. Ndipo alipoamua kugombea umeya. Wako wanaoutaka umeya kwa ajili ya gari na bendera yake. Yeye aliutaka kwa ajili ya mtaro, na hilo namwamini, ingawa najua pia alilipenda joho. Kuna mchana alichukua mti wa dekio, akampa mwenzangu aushike mbele kama siwa ya halmashauri, na yeye akafuata nyuma kwa hatua za taratibu katikati ya mashine za kufulia, akituonyesha jinsi meya anavyoingia ukumbini. Tulisimama wote. Ilikuwa mchezo, lakini nilipomtazama usoni niliona yeye hachezi.

Alinisimulia jinsi alivyoshindwa kwa vipande vipande, na mwisho wake alinipa baada ya miaka. Kwetu meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, na kabla ya hapo wale wa chama kimoja hukaa kikao chao kumteua mgombea. Kura alikuwa nazo, au alidhani anazo. Mshindani wake alikuwa diwani mwenziwe waliyekaa naye meza moja miaka yote, bega kwa bega, wakigawana hata miwani ya kusomea. Wakati wa kuomba kura mwenziwe alisimama, akasema kwa upole, kama mtu anayeuliza afya yako:

"Ndugu zangu, mwenzetu anataka kura zetu, na ni haki yake. Lakini binti yake alipoposwa na mwalimu, kijana wetu wa bara, mwenzetu alijibu nini? Mtu asiyetaka kutuozesha, atatuongozaje?"

Nyuma mtu akapaza sauti: "Arudi Arabuni!" Ukumbi ukaangua kicheko. Baada ya hapo, alisema, kuhesabu kura ilikuwa kupoteza muda. Mwenziwe akawa meya. Uchaguzi uliofuata yeye hakuteuliwa hata kugombea kata yake, kwa sababu neno lile la nyuma ya ukumbi lilishatoka nje, na watoto waliliimba barabarani akipita. Ndipo wakala alipomkuta.

"Na ni kweli?" nilimwuliza. "Mwalimu ulimkataa?"

Alikisogeza pembeni kikombe chake cha chai.

"Sikumkataa. Nilisema wasubiri."

"Wasubiri nini, Mheshimiwa? Weusi wake upungue?"

Alisimama, akachukua sinia lake, akaondoka. Kwa siku kadhaa alikula peke yake, amesimama kando ya mlango, na mimi sikumfuata, maana nilikuwa na hasira za kwangu na za bibi yangu. Halafu mchana mmoja akarudi kwenye meza yetu, akaweka sinia, akasema, "Hoja yako nimeipokea." Kisha akatoa simu, akanionyesha picha ya mtoto mdogo amekaa kwenye beseni. Binti yake aliolewa na mwalimu yule yule bila ya baraka zake, wakahamia mkoa mwingine, na tangu hapo hampigii baba yake simu. Picha aliipata kwa jirani.

"Kafanana na baba yake," akasema. "Tazama alivyo mzuri."

Nilimwambia ampigie binti. Akasema atampigia akishakuwa na la kumwambia. Huyo ndiye Mheshimiwa: anaweza kuongea saa nzima juu ya mteremko wa maji, lakini kumwambia mwanawe "nilikosea" alitaka kwanza awe amerudi na cheo, ili neno liwe na uzito. Nilimwona mpumbavu katika hilo, na nilimpenda kama baba.

Nisisahau kisa chake cha finjani, kwa sababu alikipenda kuliko vyote na kwa sababu kina kazi mbele. Kwetu, muuza kahawa akikujazia kikombe mpaka juu, huo ndio ukarimu wenyewe. Wiki yake ya kwanza hotelini, aliingia mzee mmoja wa hapa Doha, mtu mzito, na Mheshimiwa akataka kumheshimu hasa. Akamjazia finjani mpaka pomoni. Mzee akaiweka chini, akaitazama, akacheka, akamwita meneja: "Mtu wako ananifukuza." Kumbe kwa huku finjani hutiwa kidogo tu, chini, mara kwa mara. Ukijaza unamwambia mgeni anywe aende zake. Na mgeni naye akitosheka hasemi, wala haweki chini. Anaitikisa finjani kidogo mkononi, kulia na kushoto, na mwenye dele anaelewa. Asipotikisa, mwenye dele anaendelea kumimina, kwa sababu kuacha ni kumnyima.

"Yaani nimefika kwa Waarabu," Mheshimiwa alikuwa akimalizia, "na la kwanza kabisa kulifanya ni kumfukuza Mwarabu kwake!" Alikuwa akicheka mpaka machozi. Katika mambo yake yote hilo ndilo alilolicheka bila kujibana.

Baadaye ikaja habari kwamba ujumbe kutoka jiji letu utafikia hotelini kwetu. Walikuja kujifunza mambo ya usafi wa miji na maji ya mvua, na meya mwenyewe ndiye aliyewaongoza. Ni yule yule, wa meza moja na miwani moja. Orodha ya wageni ilipofika kwetu kwa ajili ya taulo na mashuka, mimi ndiye niliyempelekea Mheshimiwa habari. Nilidhani atajificha, ataomba ruhusa ya ugonjwa. Uso wake ulifunguka.

"Mungu kaleta," akasema.

Akanieleza aliyokuwa ameyaficha. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na hakutaka mwingine. Alitaka kurudi kugombea kata yake. Umeya hakuwa na haja nao tena, alitaka udiwani tu, wa miaka yake iliyobaki, na mtaro. Lakini bila ya neno la meya chama kisingempitisha. Alichotaka kwake kilikuwa kidogo: awaambie wenziwe, "Huyu ni wa kwetu, mwacheni agombee." Basi. Yaliyopita yamepita. Na akishateuliwa, alisema akitazama pembeni, ataweza kumpigia binti yake.

"Sasa utamwanzaje?" nilimwuliza. Watu wa mbele wamepewa amri. Mwenye dele husema maneno ya kukaribisha kwa Kiarabu, na zaidi ya hapo hazungumzi na mgeni, ili wageni waone wamefika Arabuni kweli.

"Sitamwanza. Atanitambua yeye. Tumekaa meza moja, binti yangu. Atainua macho, atasema 'Ah! Mzee mwenzangu!' Hapo nani atanizuia kujibu?"

Asubuhi ile niliipiga pasi kanzu mara mbili. Nikajipa kazi ya kupeleka vitambaa vya meza mbele, ingawa havikuhitajika, nikasimama nyuma ya nguzo na kitoroli changu.

Waliingia watu wanne, suti za rangi ya giza, wamechoka na safari. Nilimjua meya kwa picha za mitaani. Alikuwa amenenepa. Wenyeji wawili waliwakaribisha kwenye makochi, wakaanza kuongea na simu zao, na Mheshimiwa akaja, mgongo umenyooka, kwa hatua zile zile za siku ya dekio.

"Ahlan wa sahlan," akasema, akamimina.

Meya aliinua macho. Akamtazama usoni kabisa, na akatabasamu tabasamu kubwa.

"Shukran! Shukran!" akasema, akanywa.

Mheshimiwa hakuondoka. Alisimama akisubiri, na meya, kwa kuwa mtu alikuwa bado amesimama mbele yake, alinyoosha finjani. Akamiminiwa. Akanywa. Akamiminiwa tena. Kisha akamwambia msaidizi wake, kwa Kiswahili, awapige picha. Akasimama, akamshika Mheshimiwa bega, akasogeza uso wake karibu na wake kama ndugu wawili kwenye harusi. Mimi nyuma ya nguzo nilikuwa nikisema moyoni: sasa, sasa, mtazame. Picha ikapigwa. Meya akaitazama kwenye simu, uso wa mwenziwe ukiwa mkubwa pale kwenye kioo, akasema imetoka vizuri.

Akakaa, na finjani bado mkononi, na Mheshimiwa akamimina. Nilianza kuelewa kwamba hakuna aliyewaambia wageni habari za kutikisa. Wenziwe walikuwa wameweka finjani zao mezani, lakini yeye, kwa heshima ya ugeni, aliishikilia ya kwake, na kila alipoimaliza ilimiminiwa. Paji la uso likaanza kumtoka jasho. Mwishowe akainamia msaidizi wake, akanong'ona kwa sauti ya mtu anayejua haeleweki.

"Huyu Mwarabu ataniua na kahawa yake. Nimwambieje aache?"

"Kunywa tu, Mheshimiwa," msaidizi akasema. "Ukikataa utawaudhi."

Akanywa. Niliona anavyomeza kwa shida. Na mzee wangu, ambaye angeweza kuendelea kummiminia mpaka jioni na hakuna ambaye angemlaumu, na ambaye angeweza pia kumjazia finjani mpaka pomoni, wenyeji wale wawili wakaona wakaelewa, aliinama kidogo na kusema kwa Kiswahili cha jiji letu, laini:

"Itikise kidogo finjani, Mheshimiwa. Ukiitikisa nitajua umetosheka."

Makochi yote yaligeuka. Meya alibaki na mdomo wazi, kisha akapiga paja kwa furaha.

"Lahaula! Mwarabu anajua Kiswahili! Jamani, mmesikia? Tena kimenyooka!" Akaitikisa finjani, kulia na kushoto, kama mtoto aliyefundishwa mchezo. "Umejifunza wapi Kiswahili kizuri namna hii, ndugu yangu?"

Ukumbi ule wa hoteli ni mkubwa na una maji yanayotiririka ukutani. Niliyasikia yale maji. Nilimwona Mheshimiwa akipokea finjani, akiiweka juu ya zile nyingine, akilishika dele kwa mikono miwili.

"Niliwahi kuishi Tanzania," akasema. "Kidogo."

"Ehee! Na uliipenda?"

"Sana."

"Basi karibu tena! Njoo utembee. Ukifika jiji letu ulizia ofisi ya meya, watakuleta kwangu. Sisi kwetu hatubagui, Waarabu ni ndugu zetu."

"Ahsante," Mheshimiwa akasema. "Nitakuja."

Akarudi nyuma hatua chache, akageuka, akapita mbele ya nguzo yangu bila kunitazama.

Nilimkuta chumba cha kufulia. Amekaa juu ya kikapu kile kile cha mashuka, kitambaa cha kichwa amekivua, na kichwa chake bila kitambaa kilionekana kidogo na cha kizee. Nilifunga mlango. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimekasirika.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Wewe ni nani!"

"Nilimwambia miaka yote ile," akasema. "Kila kikao nilimwambia."

Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikanyamaza. Nikamwuliza, kwa kukosa jingine, kama angalau alimwuliza habari za mtaro. Alijipiga kofi la paji la uso.

"Nilisahau," akasema, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, nilimwona. Akarudia mara mbili kwamba alisahau.

Halafu akasimama, akavua kanzu, akabaki na fulana na saruni, akanikabidhi. Nikaipokea na kuigeuza kama ninavyozigeuza zote. Kwenye mkono wa kushoto, ule wa dele, palikuwa na doa la zafarani bichi, bado na unyevu, limeteremka mpaka kwenye kiwiko. Sikumwonyesha. Nikaikunja ili doa liwe ndani.

"Na mkataba mpya?" nikamwuliza.

"Nitausaini."

"Na kata yako?"

Alikuwa anatafuta ndara zake chini ya kikapu. Alipozipata alizivaa kwanza, taratibu, moja baada ya nyingine, ndipo akanijibu.

"Si umesikia, binti yangu? Kwetu nimekaribishwa. Nikatembee."